Diwani Anayesaidia Watu: Somo Kutoka Baraza la Jiji la Chicago

Kwenye somo la Uraia tunafundisha kwamba diwani huchaguliwa na wananchi wa kata, huwawakilisha kwenye baraza na kusimamia maendeleo yao. Mwanafunzi anaandika hivyo, anapewa alama zake, yameisha. Swali ambalo mtihani hauliulizi ni hili: akishachaguliwa, tunajuaje kama ni diwani mzuri au mbovu? Ukiuliza mtaani, na hata ukituuliza sisi hapa chuoni kuhusu wabunge wetu wa serikali ya wanafunzi, jibu la haraka ni lile lile: "Yule jamaa anasaidia watu." Alikuja msibani. Alichangia harusi. Alileta jezi na katoni za maji kwenye bonanza.

Nataka tulipime jibu hilo kwa kutumia jiji moja la mbali, Chicago, huko Marekani. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya madiwani 30 wa jiji hilo, waliokuwa madarakani au waliokwisha kutoka, wametiwa hatiani mahakamani. Pili, baraza hilo hilo limetoa watu ambao ningependa kila mwalimu wa Uraia awajue. Wema na wabaya wamekaa ukumbi mmoja, wakapiga kura juu ya hoja zile zile, na kura zao zikaandikwa. Ni maabara, kwa kweli.

Kabla ya majina, tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Tangu mwaka 1923 Chicago ina kata 50, na kila kata ina diwani mmoja. Kabla ya hapo kila kata ilikuwa na madiwani wawili. Meya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, na ndiye anayeongoza vikao vya baraza. Baraza hupitisha bajeti, hutoa leseni na vibali, na huamua ardhi itumike kwa makazi, biashara au kiwanda. Juu ya sheria hizo kuna mazoea ambayo hayakuandikwa popote, lakini yana nguvu kama sheria: jambo likiwa ndani ya kata fulani, madiwani wengine humwachia mwenye kata aamue. Ukitaka kufungua mgahawa, kuweka kibao barabarani au kujenga ghorofa, mlango wa kwanza kugonga ni wa diwani. Shika jambo hilo, maana karibu kila uovu nitakaoutaja ulipitia mlango huo.

Sasa tuanze na mtu aliyesaidia watu kuliko wote.

Johnny Powers alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, mwenye baa, na diwani wa Kata ya 19 tangu mwaka 1888. Kata yake ilijaa wahamiaji maskini: Waitaliano, Wayahudi, Wagiriki, Waairishi. Mwaka 1889 mwanamke mmoja msomi, Jane Addams, alihamia humo na kufungua nyumba ya huduma za jamii iliyoitwa Hull House. Nyumba hiyo ilikuwa na shule ya watoto wadogo, madarasa ya jioni, klabu na bafu za kuogea. Baadaye sana, mwaka 1931, Addams alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, lakini habari yetu ni ya miaka ya 1890, alipoamua kumng'oa Powers kwenye kiti chake na akashindwa. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye akili, baada ya kushindwa hakuwatukana wapiga kura. Alikaa akajiuliza kwa nini wanampenda, kisha akaandika makala mwaka 1898 ambayo, kwa maoni yangu, ilistahili kuwa kwenye orodha yetu ya kusoma semista ya kwanza.

Alichokiona ni hiki. Mtu akifiwa, Powers yupo. Anatuma magari ya farasi ya kubeba waombolezaji, na familia ikishindwa gharama anahakikisha maiti haizikwi na serikali kama maiti isiyo na mwenyewe. Jambo hilo la mazishi lilikuwa zito. Addams anasimulia kwamba mtoto mchanga aliyetelekezwa alifia mikononi mwa Hull House, na wao, kwa akili zao za kisomi, wakapanga azikwe kwa gharama ya serikali. Majirani walikasirika, wakachangishana, mtoto akazikwa kiheshima. Msomaji aliyekulia uswahilini hahitaji maelezo hapo. Anajua mtu asiyekuja msibani anavyohesabiwa.

Powers aliendelea. Kijana akikamatwa, anamtolea dhamana. Mpangaji akishindwa kodi, anamlipia. Kanisa likifanya mnada wa kuchangisha fedha, anafika, ananunua vitu, kisha anavigawa pale pale kwa wazee na akina mama. Kila sherehe ya ukoo ina zawadi yake. Krismasi moja, kwa hesabu ya Addams, aligawa tani sita za batamzinga, na tani nne au zaidi za bata na bata bukini. Na alijivunia kwamba katika kila wapiga kura watano wa kata yake, mmoja alikuwa na ajira ya serikali kupitia mkono wake.

Mwaka 1896 Hull House ikamsimamisha mgombea wake, fundi mwashi, mtu wa kazi na mwaminifu. Wakachapisha bango lenye picha mbili: upande mmoja diwani kavaa suti ya karamu anakunywa shampeni, upande wa pili mwashi kakaa juu ya ukuta anakula chakula chake kwenye kopo. Walitegemea watu waone nani ni mwenzao. Kumbe wananchi walitazama picha wakasema, tunataka kuwakilishwa na huyu mwenye shampeni! Mwenzetu aliyefika juu ndiye atakayetuvuta. Mwashi akaanguka. Uchaguzi wa 1898 wakajaribu tena na mgombea mwingine, naye akaanguka. Hata yule mmoja waliyefanikiwa kumwingiza barazani mwaka 1895 haikuchukua muda akawa mtu wa Powers.

Sasa tuligeuze jani. Fedha za batamzinga zilitoka wapi? Miaka hiyo baraza ndilo lililotoa vibali vya kampuni za tramu, gesi na umeme kutumia barabara za jiji, na Powers alikuwa kinara wa kundi la madiwani waliouza vibali hivyo. Wananchi waliwaita Mbwamwitu wa Kijivu. Tajiri wa tramu, Charles Tyson Yerkes, alikuwa mteja wao mkubwa. Wakati mwingine madiwani walitoa kibali kwa kampuni hewa, ili kampuni halisi ilazimike kukinunua. Kibali chenye thamani ya mamilioni kinatoka bure, fedha ambayo ingeingia hazina ya jiji inaishia mifukoni, na sehemu ndogo ya mifuko hiyo inarudi kwenye kata kama bata wa Krismasi.

Na kata yenyewe? Takataka zilijaa kwenye vichochoro kiasi kwamba mwaka 1895 Addams mwenyewe aliomba zabuni ya kuzizoa. Akakataliwa, lakini akateuliwa mkaguzi wa takataka wa kata, akawa anaamka alfajiri kufuata mikokoteni. Kazi ile ya ukaguzi ilikuwa mojawapo ya ulaji ambao Powers alizoea kuwagawia watu wake. Shule nazo hazikutosha. Watoto wa Kata ya 19 walizidi nafasi zilizokuwepo madarasani kwa maelfu. Nasoma ualimu, kwa hiyo mniwie radhi nikisimama hapa kidogo. Mtoto aliyekosa kiti mwaka 1892 alipata paja la batamzinga Desemba, na mama yake alimpigia kura diwani kwa shukrani. Simlaumu mama. Batamzinga alimwona. Kiti ambacho hakikujengwa hakuna aliyekiona.

Sisi tumewahi kuwa na neno letu kwa mambo haya: takrima. Sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliruhusu mgombea kukirimu wapiga kura hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Ninachotaka kuongeza ni kwamba hoja ya Powers haihusu kampeni peke yake. Yeye alikirimu mwaka mzima, kila mwaka, na ndiyo maana alikuwa mgumu kung'oka.

Jirani zake kwenye orodha ya wabaya ni wawili wa Kata ya Kwanza, katikati ya jiji. John Coughlin aliitwa "Bathhouse" kwa sababu aliwahi kuwa mkandaji kwenye nyumba ya kuogea. Aliingia barazani mwaka 1892 na hakutoka mpaka alipokufa mwaka 1938. Miaka 46! Alipenda suti za rangi za ajabu na alijiona mtunzi wa mashairi, ingawa mashairi yenyewe yalikuwa kichekesho cha jiji. Mwenzake, Michael Kenna, alikuwa mfupi sana, mkimya, mwenye baa, na ndiye aliyekuwa kichwa cha wawili hao. Kata yao ilikuwa na mtaa wa madanguro na kamari uliojulikana nchi nzima. Wenye biashara hizo walilipa ili wasisumbuliwe na polisi, na kila mwaka hadi 1908 madiwani hao waliandaa dansi kubwa ambayo malaya, wezi na polisi walinunua tiketi pamoja. Kura kwenye kata yao ilikuwa na bei, nusu dola.

Lakini hapa ndipo somo linapokuwa gumu kuliko tunavyopenda. Majira ya baridi ya 1893, uchumi ulipoanguka na mabarabara kujaa wasio na kazi, Kenna alilisha maelfu ya watu kwenye baa yake bila kuwauliza wametoka wapi. Na mwaka 1898, Yerkes alipotaka vibali vyake vya tramu virefushwe hadi miaka 50, Coughlin na Kenna walisimama na meya upande wa kumkatalia, wakati Powers alisimama na Yerkes. Watu wa jiji walijaa nje ya ukumbi wa baraza wakiwa na vitanzi vya kamba kuwatisha madiwani. Yerkes alishindwa, akauza mali zake na kuhamia New York, baadaye London, ambako alishiriki kujenga reli za chini ya ardhi. Kwa nini wawili hawa walikataa dau kubwa namna ile? Inasimuliwa kwamba mwanasiasa mmoja mkongwe aliwahi kuwaonya waachane na mambo makubwa ya hatari, wabaki na madogo madogo, yanalipa zaidi na kwa muda mrefu. Kwa hiyo sibadilishi hukumu yangu juu yao. Ila siku ile ya 1898 walipiga kura sahihi, na kura inahesabiwa hata ikipigwa na mwizi.

Kilichobadilisha mchezo kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: karatasi. Mwaka 1896 kundi la wananchi lilianzisha jumuiya ya wapiga kura wa manispaa iliyofanya kazi moja tu. Kabla ya kila uchaguzi walichapisha jina la kila diwani anayegombea, hoja zilizopita barazani, na namna alivyopiga kura, kisha wakasema kama anafaa au hafai. Ndani ya miaka michache Mbwamwitu wakapoteza wingi wao barazani. Hawakuisha, lakini walipungua. Kata ya 19 na Kata ya Kwanza, hata hivyo, hazikusikia la mtu.

Kwa kuwa hili ni jarida la chuo, wasomi nao lazima waguswe. Charles Merriam, profesa wa siasa wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa diwani tangu 1909. Aliongoza tume iliyochunguza matumizi ya jiji, akagombea umeya mwaka 1911 na kushindwa. Paul Douglas naye alikuwa profesa wa uchumi wa chuo hicho hicho. Wenzetu wa uchumi wanamjua bila kujua kwamba wanamjua: ndiye yule wa mlinganyo wa Cobb na Douglas unaowanyima usingizi kila mtihani. Alikuwa diwani wa Kata ya 5 kuanzia 1939 hadi 1942, akapinga mambo mengi, akashinda machache, kisha akajiunga na jeshi akiwa na miaka 50 na kujeruhiwa vitani. Baadaye akawa seneta. Wote wawili walikuwa watu safi, lakini siwaweki namba moja. Walikaa muda mfupi, na baraza liliwazoea kama mtu anavyozoea kelele za jenereta.

Namba moja wangu ni Leon Despres.

Alikuwa mwanasheria wa vyama vya wafanyakazi, aliyezaliwa mwaka 1908. (Mwaka 1937 alikwenda Mexico kumwona Trotsky, na wakati mchoraji Diego Rivera anamchora mke wake, yeye alimpeleka Frida Kahlo sinema. Haihusu udiwani, lakini nani angeiacha?) Alichaguliwa Kata ya 5 mwaka 1955, mwaka ule ule ambao Richard J. Daley alikuwa meya. Daley alikuwa mwenyekiti wa chama cha Demokratiki cha eneo lile na aligawa maelfu ya ajira. Diwani aliyemtii alipata kazi za kuwapa watu wake, na aliyembishia hakupata hata fagio. Usiku Daley aliposhinda, diwani mmoja mnene mwenye baa, Paddy Bauler, alishangilia akitangaza kwamba Chicago bado haijawa tayari kwa mageuzi. Alisema kweli.

Kwa miaka 20 Despres alipinga. Mara nyingi matokeo yalisomeka 49 kwa 1, na huyo mmoja ni yeye. Daley alimkatisha, na mara kadhaa kipaza sauti chake kilizimwa akiwa katikati ya hoja. Mwaka 1967 alipigwa risasi mguuni usiku akirudi nyumbani, akapona na kurudi barazani.

Alipinga nini hasa? Ili kulijibu hili inabidi turudi nyuma kidogo, kwenye nyumba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani weusi walikuwa wakihamia Chicago kwa maelfu kutoka kusini, na walibanwa kwenye mitaa michache kwa sababu wenye nyumba na madalali hawakuwapangisha kwingine. Jiji lilipata fedha za serikali kuu kujenga nyumba za bei nafuu. Zijengwe wapi? Mwaka 1949 diwani mweusi wa Kata ya 3, mchungaji na mwanasheria Archibald Carey, alileta sheria ndogo ya kupiga marufuku ubaguzi kwenye nyumba zinazojengwa kwa msaada wa umma. Baraza likaiangusha. Carey alikuwa msemaji hodari. Hotuba yake kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican mwaka 1952 ilimalizika kwa kuita uhuru uvume kutoka mlima hadi mlima, miaka 11 kabla ya Martin Luther King kufanya hivyo pale Washington. Barazani, hata hivyo, hotuba haizidi idadi ya mikono.

Sheria ya jimbo ililipa baraza mamlaka ya kuidhinisha kila kiwanja cha nyumba hizo, na pale ndipo yale mazoea ya kumwachia mwenye kata yakafanya kazi yake. Diwani wa kata ya Wazungu akisema "kwangu hapana", wenzake wanamheshimu. Viwanja vikabaki kwenye mitaa ya weusi tu. Matokeo yake yalionekana kwa macho: Robert Taylor Homes, majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, yaliyopangwa mstari mmoja kusini mwa jiji na kukamilika mwaka 1962, yakiwa na nyumba zaidi ya 4,000, karibu wote waliohamia wakiwa maskini na weusi. Mwaka 1966 wapangaji walifungua kesi, inayojulikana kama kesi ya Gautreaux, na mwaka 1969 jaji aliamua kwamba upangaji ule ulikuwa wa kibaguzi. Majengo yenyewe yalibomolewa yote kufikia mwaka 2007.

Angalia sasa. Madiwani waliosema "kwangu hapana" wengi wao hawakuiba hata senti kwa kufanya hivyo. Walifanya hasa kile ambacho wapiga kura wao walitaka. Kwa kipimo cha kitabu chetu cha Uraia waliwakilisha kata zao vizuri sana. Na madhara waliyoyafanya, watoto waliokulia kwenye ghorofa zile, lifti zilizoharibika, shule zilizozunguka pale, yanazidi madhara ya Coughlin na suti zake zote. Ndiyo maana nikiulizwa madiwani wabaya kuliko wote wa Chicago ni akina nani, sitaji kwanza waliofungwa. Nataja wale waliopiga kura ya viwanja miaka ya 1950 na kurudi nyumbani kulala salama.

Miaka ya mwanzo ya Despres baraza lilikuwa na madiwani weusi sita, wote wa chama cha Daley, na magazeti yaliwaita Sita Walionyamaza. Ilifikia mahali watu wakasema kwa kejeli kwamba diwani pekee anayewasemea weusi barazani ni Mzungu huyu Myahudi wa Kata ya 5. Alipeleka hoja ya kuzuia madalali kubagua wapangaji, ikazimwa, akairudisha. Mwaka 1963 jiji likapitisha sheria ya aina hiyo. Haikuwa kali kama alivyotaka, lakini jambo lililokuwa halitajiki likawa sheria.

Kuna swali ambalo wanafunzi wa Uraia wangeliuliza, na ni la haki: mtu anayeshindwa 49 kwa 1 ana faida gani kwa kata yake? Jibu ninaloliona liko kwenye kumbukumbu za vikao. Pasipokuwa na mmoja wa kuuliza, hoja inapita kwa dakika chache na hakuna anayejua kilichomo. Akiwepo wa kuuliza, waandishi wanaandika, majibu yanatafutwa, na miaka 10 baadaye mtu anapata mahali pa kuanzia. Isitoshe, hakubaki peke yake. Mwaka 1971 walichaguliwa madiwani wanawake wa kwanza katika historia ya jiji, mmoja wao akiwa Anna Langford, mwanasheria mweusi aliyeungana na wapinzani. Mwaka huo huo akaingia Dick Simpson wa Kata ya 44, mhadhiri wa siasa, ambaye aliunda mkutano wa kata ambapo wakazi walijadili hoja na uamuzi wao ukamfunga yeye kwenye kura. Hilo la Simpson ningependa wabunge wetu wa vitivo wasome mara mbili.

Upande wa pili wa ukumbi alikaa Tom Keane, mwenyekiti wa kamati ya fedha na mkono wa kulia wa Daley. Alikuwa na akili za sheria ndogo kuliko wote, aliweza kupitisha mlima wa hoja kabla hujakaa vizuri. Mwaka 1974 alitiwa hatiani kwa udanganyifu: alitumia anayoyajua kwa cheo chake kujinufaisha na viwanja vilivyodaiwa kodi. Akaenda jela. Uchaguzi uliofuata kata yake ikamchagua mke wake.

Mwaka 1983 Harold Washington akawa meya wa kwanza mweusi. Siku za mwanzo tu madiwani 29, wote Wazungu isipokuwa mmoja, wakiongozwa na Ed Vrdolyak na Ed Burke, walichukua kamati zote za maana na kumwachia meya madiwani 21. Kwa miaka mitatu 29 walikataa teuzi zake na kukwamisha mipango yake, naye akawazuia kwa kura ya turufu, kwa sababu hawakufikisha theluthi mbili ya kuitengua. Mwaka 1986 mahakama iliagiza uchaguzi mpya kwenye kata saba ambazo mipaka yake ilichorwa kuwanyima weusi na Walatino uwakilishi. Matokeo yakawa 25 kwa 25, na kura ya kuamua akawa nayo meya. Washington alifariki Novemba 1987, kabla hajaitumia nafasi hiyo muda mrefu. Vrdolyak alikuwa hodari wa kuhesabu kura kuliko diwani yeyote niliyemsoma, na ustadi huo wote aliutumia kuzuia. Miaka mingi baada ya kutoka barazani alikiri mashtaka ya udanganyifu, na baadaye tena ya kodi.

Burke alidumu. Aliingia mwaka 1969 na kutoka 2023, miaka 54, rekodi ya jiji. Kwa muda mrefu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha huku ofisi yake ya uwakili ikiwasaidia wateja wakubwa kupunguziwa kodi ya majengo, yaani mkono mmoja unakusanya na mwingine unarudisha, kwa ada. Alishtakiwa kwamba alikuwa akikwamisha mambo ya wafanyabiashara ili wampe kazi hiyo ya uwakili, na mmoja wao alikuwa na mgahawa wa Burger King ndani ya kata yake uliohitaji vibali vya ukarabati. Mlango ule ule niliosema mwanzoni. Desemba 2023 alitiwa hatiani, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na faini ya dola milioni mbili. Lakini mashtaka ya kwanza yalitangazwa Januari 2019. Februari ya mwaka huo, wiki chache tu baadaye, wananchi wa Kata ya 14 walipiga kura, na Burke akashinda duru ya kwanza kwa zaidi ya nusu ya kura.

Kwa wenzangu mtakaokwenda mafunzo kwa vitendo, hivi ndivyo ninavyopanga kulifundisha somo hili kidato cha pili. Kadi mbili, bila majina. Ya kwanza: diwani huyu huzika maskini, hulipa kodi za wapangaji, hugawa nyama sikukuu, na mtu mmoja kati ya watano amepewa kazi naye. Ya pili: diwani huyu hushindwa 49 kwa 1, hana ajira hata moja ya kugawa, na kipaza sauti chake huzimwa. Darasa lipige kura ya siri. Kisha wageuze kadi wasome nyuma: ya kwanza ina vibali vya tramu, takataka na watoto waliokosa viti, ya pili ina hoja ya nyumba ya mwaka 1963. Wajadili kwa dakika 15, wapige kura tena. Matokeo ya mara zote mbili yaandikwe ubaoni, na yasifutwe mpaka kipindi kinachofuata, hata kama hayajabadilika.